Telefone Inauliza Nimekula Nini

Hapa Nchelenge mashua kubwa haifikake ku nchi kavu. Inasimama mbali kidogo, pale maji inamufikia mutu ku kiuno, juu ikikaribia zaidi tumbo yake itakwama mu muchanga. Basi kuko banaume, kazi yao ni kubeba batu. Unapanda ku mugongo ya mumoja, unashika shingo yake, anaingia na wewe mu maji, anakuweka mu mashua sawa gunia ya chisense, ile dagaa ya ziwa yetu. Unafika mukavu, kitenge mukavu, ata viatu mikavu. Siye bamama ya biashara ya samaki tumezoea. Mugeni njo anasikia haya.

Wakati nilikuwa kijana bale babebaji balikuwa banagombana juu yangu. Nasema kweli, sitafute sifa. Nilikuwa mwepesi sawa kapu ya kuku. Mumoja alikuwa ananibeba huku anaimba, ananizungusha kidogo mu maji nipige kelele, bengine banacheka. Ile ilikuwa mbele sijaolewa. Kisha nikaolewa, nikazaa, nikafungua meza yangu ya samaki, nikaanza kuongezeka. Na kuongezeka hapa kwetu si haya. Mume yangu, Mungu amupumuzishe, alikuwa anasimama pembeni yangu ku mulango ya kanisa, anasema ku barafiki yake: "Muangalie ule mama. Munaona ile mikono? Hiyo ni kazi yangu." Nami nilikuwa natembea polepole makusudi, baone vizuri. Mubili yangu ilikuwa ushuhuda ya nyumba yangu. Tuliishi hivyo mpaka yeye akaenda, mubili ikabakia.

Lakini nilikuwa naeleza habari ya mashua.

Siku moja nilikuwa naenda kwetu Kilwa. Si ile kisiwa, nasema Kilwa ya ku Congo, ng'ambo ya ziwa, kule nilizaliwa, kule yaya, dada yangu, anakaa. Yeye njo mukubwa, mimi mudogo, na siye wawili tu tumebakia ku tumbo ya mama. Mubebaji akanipigia magoti, nikapanda. Alikuwa mwanaume ya nguvu, Mubemba mwenye kofia ya manyoya ata wakati ya joto, Swahili yake ni ya biashara. Alitembea muzuri. Maji ikafika ku magoti yake, ikafika ku mapaja. Kisha nikasikia mugongo yake inatetemeka chini yangu, sawa meza mwenye muguu moja fupi. Akasema, "Mayo, mama yangu, shikilia." Nikashikilia. Kumbe nilimushikilia ku koo. Tukaenda chini wawili.

Nilisimama, kilemba imekwenda, maji inatoka mu pua. Na ku mashua, mama moja wa Puta, mwenye kinywa mubaya, akalalamika kwa nguvu: "Capitaine, tusukume haraka! Mama ameingia, ziwa imepanda!"

Bee! Balicheka mpaka mashua ilitikisika. Ata bale bakristu ya kanisa yetu balicheka. Mimi pia nilicheka, utafanya nini. Lakini nilirudi ku nyumba na nguo inalia chwa, chwa, chwa, na sikwenda tena. Nilisema kesho. Kesho goti ikaanza kuuma. Nikasema mwezi kesho. Kisha nikazoea kusema.

Mutu ataniuliza juu ya nini sikupita barabara. Barabara inazunguka mbali sana, upite Puta, upite mupaka, gari inalala mu matope, na goti yangu ikikunjwa mu gari siku nzima inakataa kukunjuka. Hapana. Kwangu mimi Kilwa ni njia ya maji tu.

Basi nikakaa hivyo mpaka yaya akanitumia sauti mu telefone. Mutoto wake mwanamuke alimushikia. Yaya hazoee telefone, alikuwa anasema kwa nguvu sawa mutu anaita mutu ng'ambo ya muto:

"Mudogo! Ni mimi. Macho inaniacha. Sasa batu beko sawa vivuli mu moshi. Njoo, mudogo, nikuangalie mbele ifunge. Sura yako njo nataka kufunga nayo. Umesikia? Munafinya wapi izime hii?"

Nilisikiliza ile sauti mara mingi. Nilisikia pia kuku yake nyuma, na mutu anatwanga. Nilikuwa najua kinu yenyewe ni gani. Ni ile ya mama.

Mutoto yangu wa Kitwe alikuwa amekuja kunitembelea ile juma. Eko na kazi ya ofisi, anakaa mbele ya mashini siku yote na eko mwembamba, sijue siri yake ni nini. Nikamuambia habari ya mubebaji na ya yaya. Yeye hakucheka. Akatoa telefone yake ya zamani, ile kubwa ya kugusa, akaweka mu mukono yangu.

"Mama, humu niliingiza application. Itakusaidia kupunguka."

"Telefone itakula ku nafasi yangu?"

"Hapana, mama. Kila kitu unakula, unaiambia. Na ukitembea inahesabu."

"Sasa ni confession, kuungama kila siku? Ata père wa kanisa yetu hanisumbuake hivyo."

"Mama, unataka kuona yaya ao hautake?"

Hapo alinikamata.

Alinipeleka mpaka ku depo ya mahindi, kule kuko kilo ya kupandia, ya kupima magunia, nikasimama juu yake na batu ya depo banaangalia. Sitasema ilisoma nini. Mupimaji alisema tu, "Mayo, tukuandike grade one sawa mahindi?" Mutoto yangu akaingiza hesabu mu telefone, ikatoa picha ya mutu mwekundu. Yule mutu mwekundu njo mimi. Ukipunguka atageuka njano, kisha kijani sawa majani ya lenga-lenga. Bon.

Mimi nilisoma troisième primaire, darasa ya tatu, kisha baba akasema inatosha, samaki haiulizake diplome. Kifaransa ya ku application nilisoma kidogo kidogo na kidole, na penye sikujua nilifuata picha. Haijue bukari, ugali yetu, ile telefone. Haijue sombe ya majani ya mihogo, haijue chisense, haijue kinywaji ya munkoyo. Inajua vitu ya bazungu. Basi nikatafuta kitu inafanana na bukari, nikaona picha moja: kitu nyeupe, viringo, imekaa mu bakuli muzuri. Nikasema, hii njo bukari yao. Nikafinya asubui, nikafinya midi, nikafinya mangaribi.

Kule Kitwe mutoto alikuwa anaona yote ku telefone yake. Akaniita, na sauti yake ilikuwa ya kuogopa.

"Mama! Unakula crème glacée, ile maziwa ya barafu, mara tatu kwa siku? Unaitoa wapi Nchelenge?"

Ingine ilikuwa ya kutembea. Telefone nilikuwa naifunga mu kitenge, hapa ku kifua, juu banatuibiaka ku soko. Siku moja nikakaa ku kinu kutwanga mihogo, asubui nzima. Vile nilimaliza, telefone ikalia, ikatoa maua na mafataki, ikaandika Bravo, bravo, umetembea sana! Kumbe kila mara mutwangio inashuka, yeye anahesabu hatua. Kwa yeye nilikuwa nimefika karibu ya Mansa. Nilifurahi sana. Kisha nikasonga ile unga, nikakula.

Lakini jambo ya kuniuma haikuwa hiyo. Jambo ilikuwa sahani.

Niko na jirani, mama mujane sawa mimi, alikimbia vita ya ku Pweto na batoto yake mu mugongo, akakaa hapa. Tangu mume yangu amekufa tunakula pamoja, sahani moja. Leo kwangu, kesho kwake. Tunakaa ku mukeka, bukari katikati, mboga pembeni, mukono yake na mukono yangu. Hatusemake ata mingi. Mutu anayekula peke yake chakula haishuke muzuri, inasimama hapa ku kifua inamungojea mwenzake.

Sasa telefone inataka kujua nimekula kiasi gani. Mu sahani ya batu wawili nani anajua? Siwezi kuchora mustari mu bukari. Mutoto akaniambia, "Mama, chukua sahani yako." Nikachukua. Siku ile jirani alikuja na mukono yake amenawa, akaona sahani mbili ku mukeka. Moja ya kwake, moja ya kwangu. Alisimama.

"Dada, kuko mugeni?"

"Hapana, dada. Ni juu ya hii telefone. Inataka nipime."

"Inataka upime nini? Mukono yangu?"

"Hapana, jamani, chakula tu."

Alikaa. Alikula matonge kidogo, anaangalia chini. Kisha akasema polepole: "Kwetu, mutu akitenga sahani na wewe, amesikia neno juu yako. Niambie tu nani alikuambia mimi niko na sumu."

Niliapa mbele ya Mungu. Nilifungua telefone, nikamuonyesha mutu mwekundu. Aliangalia, akasema, "Sawa." Kesho yake ilikuwa zamu ya kwake. Hakuniita. Nami nilisikia harufu ya chisense yake ya kukaanga kupitia rupango, ile uzio ya katikati yetu, nikakaa na sahani yangu ndogo, nikafinya kile nimekula, na telefone ikanipongeza.

Nilipunguka, kweli. Bukari nilikuwa nakata nusu, mafuta nikaacha, sukari mu chai nikaacha. Hiyo njo iliniliza. Nilikuwa nakwenda ku soko na miguu, narudi na miguu. Goti ikaanza kunisamehe. Mutu mwekundu akageuka njano. Lakini siku yote nilikuwa na njaa ingine, si ya tumbo. Nilikuwa nawaza mambo ya zamani, na yote ilikuwa mambo ya kula.

Nilikuwa nawaza mpumbu. Bijana ya leo habaijue ile samaki. Ilikuwa inapanda muto wakati ya mvua, mingi, mingi, batu banaikamata na mayai mu tumbo. Sasa imeisha. Mama alikuwa anatupikia moja, yaya na mimi, mu sahani ya chuma yenye mustari ya bleu. Yaya alikuwa anasukuma tumbo ya samaki na kidole yake ya gumba, kuja upande yangu. Kile njo kipande tamu. Nami nilifundishwa kama mudogo hakuli tumbo mbele ya mukubwa, basi nasukuma kurudisha. Yeye anasukuma. Mimi narudisha. Mama anatuangalia, anasema, "Nyinyi! Hii samaki munaifundisha kuogelea tena?"

Ku soko bamama balianza kuniangalia ku shingo. Nguo ilikuwa inaning'inia. Mumoja akanivuta pembeni ya meza: "Mama, umekwenda kupima damu?" Mwingine akaniletea dawa ya mizizi mu chupa, bila kuuliza. Père akaomba juu yangu ku misa ya siku ya Mungu, bila kutaja jina, lakini kila mutu aligeuka. Jirani yangu pia aligeuka, kisha akaangalia mbele.

Siku mutu wa ku telefone aligeuka kijani, sikungojea mafataki. Nilifunga mizigo. Nikafika ku kivuko asubui, ziwa imetulia, magunia ya samaki ya kisiwa ya Chisenga inashuka. Ule mubebaji wa kofia ya manyoya alikuwa pale. Alipita pembeni yangu. Nikamuita.

"Unanipita? Leo hautaki kunizamisha?"

Aliangalia sura yangu, akashika kofia. "Awe! Ni ule mayo? Yesu! Ulikuwa mugonjwa?"

"Nilikuwa na application."

"Pole, mayo. Siku hizi kuko magonjwa mingi."

Akapiga magoti. Nikapanda. Alisimama mara moja, mwepesi, akaingia mu maji anaongea na benzake kama hakubebe kitu. Hakuimba. Nilitaka aimbe. Aliniweka mu mashua, nilikuwa mukavu mpaka ku viatu, na hakuna mutu alicheka. Mashua yote ilinisogezea nafasi, kwa huruma.

Nilifika Kilwa mangaribi, jua imeinama. Njia ya nyumba sikuisahau. Yaya alikuwa amekaa ku mulango, ku kiti ya mama, kitenge mu mabega. Macho yake ilikuwa wazi. Nilisema, "Yaya." Aligeuza kichwa, lakini macho ilipita pembeni ya sikio yangu, ikaangalia rupango.

Mutoto wake alitoka ndani, akaniona, akafunika kinywa. Akasema polepole, "Mama mudogo, macho ilifunga kabisa mwezi iliyopita. Alikataza tukuambie. Alisema utaharakisha, utazama."

Nikapiga magoti mbele ya yaya. Nikamupa mikono. Alishika hapa ku kiganja, akapanda ku mukono, akapanda mpaka ku bega, anafinya finya. Kisha akaniachilia.

"Uyu ni nani?"

"Ni mimi, yaya. Mudogo yako."

"Hapana. Sauti ni yake. Mudogo yangu eko na mukono ya kujaa, nakumbuka. Hii ni mukono ya mutu mwingine." Akamuambia mutoto wake, "Nani umeniletea? Mudogo amekufa munanificha?"

Nililia. Nikaeleza telefone, mubebaji, mutu mwekundu, yote, na vile nilikuwa naeleza nilisikia mimi mwenyewe kama ni habari ya uongo. Sijue kama yaya aliamini. Alisema tu mugeni apewe chakula.

Mutoto wake alileta sahani moja. Hakujua habari ya sahani, alileta tu vile banaletaka kwao. Bukari, na samaki ya pale, nzima. Tukanawa. Yaya alitafuta samaki na vidole, polepole, akafika ku tumbo. Akaisukuma na gumba. Haikuja sawasawa, ilikwenda kidogo pembeni, juu hakuona penye nilikaa. Mimi nikairudisha, bila kuwaza, mukono ilifanya yenyewe. Akasimamisha kidole. Akasukuma tena. Nikarudisha.

Yaya akaanza kucheka bila sauti, mabega tu.

"Mama angesema nini?" akauliza.

"Angesema tunaifundisha kuogelea tena."

"Kula tumbo, mudogo," akasema. "Kula. Umekauka sawa makayabu, samaki ya chumvi."

Nilikula. Nilikula mpaka mutoto wake akasonga bukari ingine. Ndani ya kitenge telefone ililia, ile saa yake ya kuuliza nimekula nini. Yaya akauliza ni nini inalia. Nikasema ni mutu wa Nchelenge, angoje.

Nilikaa kule mpaka majani ya ku paa ilianza kuvuja mvua ya kwanza. Siku ya kurudi yaya alinishika tena mukono, akapima, akasema: "Mara ingine uje munene. Nikushike nijue ni wewe." Nikasema ndiyo. Utasema nini? Lakini mu mashua mi nilikuwa nawaza: mashua inanitaka mwembamba, yaya ananitaka munene, nitavuka namna gani?

Tulifika Nchelenge, mashua ikasimama pale inasimamaka. Babebaji bakaja. Ule wa kofia akageuza mugongo, nikapanda, na katikati ya maji nikamuuliza mu sikio:

"Na kama ningekuwa munene sawa zamani, ningefanya nini?"

"Mayo, tungekuja wawili." Akasema hivyo tu, anatembea. "Tunapanga mikono na mwenzangu, hivi, sawa kiti. Bamama bakubwa ya Puta tunababeba vile kila siku. Ata frigo tunabeba."

"Na juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikungojea kesho yake, mayo. Nilimuita na mwenzangu. Haukurudi."

Aliniweka ku muchanga, nikasimama pale na kikapo yangu, mukavu, na batu banapita. Ziwa ilikuwa nyeupe mpaka mwisho. Kilwa haionekanake kutoka hapa, ata kama hewa ni safi, ata kama uko na macho.

Nilipita ku jirani mbele ya kufika kwangu. Alikuwa anasonga. Sikubisha. Nilinawa ku ndoo yake, nikakaa ku mukeka yake, nikangoja. Aliniangalia sana. Kisha alileta bukari mu sahani moja, akaweka katikati, akasema, "Sasa hii utaipima na nini?" Nikaweka mukono.

Ile mutu wa ku telefone sasa amerudi njano, anakwenda ku mwekundu. Mutoto wa Kitwe ananigombeza, nami nasema ndiyo, ndiyo. Ku kivuko nimekwisha kupatana na ule wa kofia na mwenzake, banibebe wawili mvua ikipita. Goti inauma. Na kila mangaribi yaya ananitumia sauti, anasema kwa nguvu vile vile, na kuku nyuma, na kinu ya mama:

"Mudogo! Umekula? Umekula nini?"

Yeye namuambia yote.